Filimbi ya Acme 210.5 kwa mbwa wa kuwindia ndege: tathmini kutoka Dar es Salaam

Filimbi ya plastiki ya Acme yenye namba 210.5, ambayo hutengenezwa Birmingham, Uingereza, na kampuni ileile iliyowapa polisi wa London filimbi zao mwaka 1883, ni kifaa kinachopotea ndani ya kiganja. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ndicho kifaa cha kwanza ambacho mtu anayemfundisha mbwa wa ndege hapa Dar es Salaam anapaswa kukinunua, kabla ya kuzitolea macho kola za umeme (mikanda ya shingoni inayomshtua mbwa) na vikorokoro vingine vya bei kubwa.

Thamani yake imo katika ile namba. Filimbi zote za 210.5 hutoa sauti ya kimo kimoja, kwa hiyo mbwa aliyeizoea ataitambua sauti hiyo iwe imepulizwa na mwenye mbwa, na mkewe, au na kijana anayemtunza nyumbani. Sauti ya binadamu haina uaminifu huo, kwa sababu hupanda kwa hasira na kukwaruza kwa uchovu, na mbwa huisoma hasira kabla ya kuisikia amri. Wafugaji wengi huichagua namba hii kwa ajili ya mbwa aina ya spanieli, na 211.5 kwa ajili ya labrado, lakini hayo ni mazoea tu wala si sheria; mimi naitumia kwa pointa, mbwa anayemwonyesha mwindaji ndege alipo, na sijaona sababu ya kuibadilisha.

Amri zenyewe ni chache. Mpulizo mmoja mrefu humsimamisha mbwa, miwili mifupi humgeuza upande, na mfululizo wa mifupi humrudisha. Ule mrefu ndio unaostahili kufundishwa kwa subira kuliko mingine, kwa kuwa kwale au kanga anapofyatuka majanini, mbwa asiyejua kusimama humfukuza, na ndege anayeruka chini huku mbwa akiwa nyuma yake huweka kichwa cha mbwa katika njia ya marisau, zile risasi ndogondogo za bunduki ya ndege. Ninaufundisha ufukweni Kigamboni maji yanapokupwa, mbali na waogeleaji, kwanza mbwa akiwa kwenye kamba ndefu na baadaye akiwa huru. Pointa anapoganda na kuinua mguu kuonyesha kwamba ndege yupo mbele yake, filimbi ibaki kifuani: wakati huo anayefanya kazi ni mbwa, na bwana anayepuliza ovyo humharibia.

Filimbi hii haina gololi ndani, yaani kile kitufe kinachozunguka na kuitetemesha sauti, jambo ambalo katika mji wa joto, chumvi na mchanga si dogo. Filimbi ya refa huweza kukwama mchanga ukiingia kwenye gololi yake, na ya chuma huanza kutu kwa hewa ya bahari. Hii huoshwa kwa maji baridi, hukung'utwa, na kazi inaendelea. Kukosa gololi kunaifanya pia itoe sauti nyembamba iliyonyooka, isiyotetemeka, na hivyo mbwa hujifunza kuitofautisha na filimbi za refa wa mchangani na za walinzi wa usiku, ambazo katika mitaa yetu hazikosekani. (Majirani nao hujifunza kuitofautisha, ingawa si kwa furaha.)

Ina mipaka yake. Upepo wa kusi unapovuma kutoka upande wa mbwa kuja kwako, sauti haifiki mbali kama siku ya shwari, na ni heri kumfupishia mbwa eneo la kutafuta kuliko kupuliza mpaka mashavu yaume. Aidha, umaarufu wake una gharama. Shemeji yangu anayeishi Montana huwinda kwenye ardhi ya umma, ambako raia mwenye leseni haombi ruhusa ya mwenye shamba na anaweza kukuta wawindaji wengine na mbwa wao kwenye bonde lilelile. Hapo filimbi mbili zenye namba moja zinaweza kumrudisha mbwa kwa bwana asiye wake, na dawa yake ni kila mmoja kuwa na mpangilio wake wa mipulizo.

Kwetu msongamano huo haupo, lakini uhuru huo pia haupo. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hakuna kuwinda bila leseni, hata kama ni kwale mmoja wa mboga, na anayekusudia kwenda porini na mbwa aulize kwanza TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, kama jambo hilo linaruhusiwa na kwa masharti gani. Mazoezi ya filimbi ufukweni hayahitaji bunduki wala ndege.

Kamba ya kuivalia filimbi shingoni huuzwa kando. Ya kawaida kutoka Kariakoo inatosha, mradi iwe fupi isinase vichakani. Na ukiagiza, agiza mbili za namba hiyohiyo, moja ibaki nyumbani kwa anayemlisha mbwa.