Kati ya Wajapani wawili wa trampolini, mchezo wa kuruka na kupinduka hewani juu ya kitambaa kinachodundisha, nani mkali: Mori au Uyama?

Ukihesabu mataji, Hikaru Mori yuko mbali. Mwaka 2019, akiwa na miaka 20, alitwaa ubingwa wa dunia wa trampolini kwao Tokyo, mwanamke wa kwanza wa Japani kushinda taji la mtu mmoja mmoja. Akalirudia Sofia, 2022.

Megu Uyama hana taji kama hilo, ingawa ile dhahabu ya dunia ya 2019 ya wawili wanaoruka kwa pamoja aliipata na Mori huyohuyo. Ila Olimpiki ya 2021, Tokyo, ukumbi uleule wa 2019, Ariake, bingwa Mori aliishia mchujo. Uyama akamaliza wa tano. Kila zamu miruko ni kumi tu, ukiyumba mmoja, kwisha!

Mimi bado namchukua Mori: Paris 2024 alirudi, akafika fainali.