Ofisi ya wakili hapa Dodoma tuliyoiendea kwa ishu ya ndugu aliyekimbia kifungo Marekani

Nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya ngazi na kusubiri, ushauri wenyewe hauna doa, ulikuwa wa kweli hata pale ulipowauma wazee wetu. Tulilipa elfu themanini kikao cha kwanza na kwa hela ile sijui nani mwingine hapa mjini angekaa na sisi vile. Ofisi iko ghorofani katikati ya mji, siyo mbali na Nyerere Square, jina silitaji maana ishu ni ya familia na sitaki watu waunganishe.

Kwanza niwape mkasa ili muelewe tulienda kutafuta nini. Mtoto wa mama mkubwa anaishi Ohio miaka mingi. Alikamatwa anaendesha gari amelewa, na haikuwa mara ya kwanza, hakimu akampa miezi minne jela ya kaunti, ila hakumpeleka ndani siku hiyo hiyo, alimpa tarehe ya kwenda kujisalimisha mwenyewe ili apange mambo ya kazi na nyumba, kule kwa kesi ndogo huwa wanafanya hivyo. Tarehe ikafika hakwenda. Akapanda basi mpaka Texas kwa rafiki yake, akapata kazi ya ghala, huku kwetu Nkuhungu tukaambiwa amehama tu kutafuta maisha.

Ukweli ulipojulikana akatokea jamaa mmoja ana kibanda cha stationeri na "ushauri wa viza", hawa ndio vishoka tunaowasema kila siku, akamwambia mama mkubwa asihofu, majimbo ya Marekani ni kama nchi nchi, kila moja na sheria zake na polisi wake, mtu akishavuka mpaka kesi inabaki kule kule na ikikaa sana inakufa yenyewe. Akachukua laki tatu za kuandika barua ya "kufuta rekodi". Barua yenyewe ukurasa mmoja, ina muhuri wa rangi ya zambarau, haina hata jina la mahakama inayoandikiwa. Mama mkubwa ana miaka sabini na kitu, alitoa hela ya mavuno ya alizeti kutoka shamba la Chamwino. Mimi hili linanichoma mpaka leo na ndio sababu kubwa ya kuandika haya.

Sasa wakili. Kabla ya kwenda nilitafuta jina lake kwenye e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama unaoonyesha kama mtu kweli ni wakili na kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu, na nyie fanyeni hivyo kabla ya kutoa hata mia. Tulienda mimi, mama mkubwa na mjomba. Tulisubiri sana kwenye benchi, zaidi ya muda tuliopangiwa, na feni ya pale mapokezi haifanyi kazi na mnajua jua la Dodoma la mwezi wa kumi. Ila alipotoka alimwamkia mama mkubwa kwa Kigogo, mbukwenyi, akampa kiti kizuri yeye akakaa kwenye stuli, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba yeye ni wakili wa Tanzania, hawezi kusimama mahakama ya Ohio wala kumwandikia hakimu wa kule, anachoweza ni kutueleza sheria ilivyo na kutusaidia kumpata wakili wa kule kule. Kwangu alikuwa ameshapata nyota mbili hapo hapo, maana kishoka hakusema hata siku moja kuna kitu hawezi.

Mjomba akaanza na hoja yake, kwamba mbona mtu akifanya kosa Dodoma akakimbilia Manyoni hakuna anayemfuata. Wakili akamwambia mjomba, hati ya kukamata ya hakimu wa Dodoma inafanya kazi Manyoni, inafanya kazi Kigoma, hakuna mpaka wowote hapo, kama mtu hakufuatwa ni uvivu tu wa watu, hati ipo palepale. Marekani ndio mipaka ipo kweli, polisi wa Texas hawezi tu kumpakia mtu kwenye gari akampeleka Ohio, lazima kuwe na utaratibu. Lakini utaratibu wenyewe uko kwenye katiba yao, ibara ya nne, inasema mtu aliyeshtakiwa kwa uhaini, kosa kubwa au kosa lingine lolote akakimbilia jimbo jingine, atarudishwa gavana wa kule alikotoka akimdai. Kosa lingine lolote, akarudia hayo maneno mara mbili akimwangalia mjomba, maana yake hata miezi minne ya ulevi barabarani imo.

Hapa alitupa historia ambayo sikuitegemea kabisa na naiweka kwa sababu inaihusu Ohio hiyo hiyo. Zamani za utumwa kuna mtu mweusi huru alimsaidia msichana mtumwa kutoroka Kentucky, Kentucky wakamdai, gavana wa Ohio akakataa kumtoa. Mwaka 1861 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema gavana ana wajibu wa kumtoa ila hakuna mahakama ya shirikisho inayoweza kumlazimisha. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia gavana akigoma amegoma. Ni mwaka 1987 tu, kwenye kesi ya Puerto Rico na gavana wa Iowa, mahakama hiyo hiyo ikaufuta ule uamuzi, sasa gavana analazimishwa. Akasema huenda na vishoka wamesikia kipande cha ile ya zamani kwa mtu, sasa wanaiuza kama ndio sheria ya leo.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni hii inayofuata na wenye ndugu majuu isomeni polepole. Mjomba aliuliza mbona basi jamaa amekaa Texas miezi yote hiyo hajaguswa. Wakili hakukwepa. Akasema hati za kukamata zinaingizwa kwenye mfumo wa FBI unaoitwa NCIC, polisi wa jimbo lolote akimsimamisha mtu barabarani akaingiza jina, inaonekana. Ila jimbo linalomtafuta linaandika mle mle liko tayari kumfuata umbali gani, wengine wanaandika popote nchini, wengine majimbo ya jirani tu, wengine ndani ya jimbo tu, kwa sababu kumsafirisha mtu ni gharama na kwa kosa dogo kaunti inaona haina faida. Kwa hiyo inawezekana kabisa ndugu yenu amesimamishwa Houston, wakaona hati, wakapiga simu Ohio, Ohio wakasema hapana huko ni mbali, wakamwachia. Mjomba akachangamka. Wakili akamwambia subiri mzee wangu, hati haijafa hapo, imelala, na ile alama ya umbali kaunti inaweza kuibadilisha wakati wowote. Na kifungo kilichokwisha kutolewa hakiozi kama madai ya deni, hakuna muda ambao ukipita hakimu anasema basi sasa umesamehewa, na siku zote anazotembea nje hazihesabiki hata moja kwenye ile miezi minne.

Halafu akatupitisha kwenye maisha yake ya kila siku. Leseni ilifungiwa Ohio, majimbo yanaangaliana kwenye rejista ya taifa ya madereva, kwa hiyo Texas kupata leseni safi ni ngumu, sasa anaendesha bila leseni kwenda ghalani, na kila anayemsimamisha anaweza kumfungulia kesi nyingine. Kadi yake ya ukaazi inakaribia kuisha, kuihuisha lazima atoe alama za vidole na zile alama zinapelekwa FBI kukaguliwa, kwa hiyo ile ofisi anayoitegemea imwache aishi kule ndiyo itakayoiona hati. Mama mkubwa aliposikia hilo la kadi alishika kichwa. Hakuwa ameambiwa.

Akikamatwa na Ohio wakasema tunamtaka, inakuwaje? Kuna sheria ya mfano ambayo majimbo karibu yote wameipitisha, Ohio na Texas wakiwemo, anaweza kuwekwa ndani siku 30 akisubiri hati ya gavana, na jaji anaweza kuongeza mpaka 60 nyingine. Mtu ameogopa miezi minne anakaa miezi mitatu jela ya Texas kabla hata hajaanza kuitumikia ile ya Ohio! Anaweza kupinga mahakamani, ila tangu kesi moja ya 1978 jaji wa kule alikokimbilia anaangalia mambo manne tu: makaratasi yako sawa, ameshtakiwa kweli kule alikotoka, ndiye huyo mwenyewe, na kweli ni mkimbizi wa sheria. Habari za nilionewa, sikuwa nimelewa sana, zote anaambiwa akazisemee Ohio. Na kama alikuwa amekata rufaa, mahakama inaweza kuitupa kwa sababu hiyo moja tu kwamba mwenye rufaa amekimbia, Mahakama ya Juu ilifanya hivyo mwaka 1970. Kutokujisalimisha nako majimbo mengi wanakuhesabu kuwa kosa jipya.

Nikamuuliza kuhusu kile kifungo cha miaka mitano ambacho nilikisoma mtandaoni. Akasema hiyo ni sheria ya shirikisho ya kuvuka jimbo kukwepa mashtaka au kifungo, ipo kweli na adhabu yake inafika miaka mitano, ila ni kwa makosa makubwa wanayoyaita feloni, na mara nyingi inatumika ili FBI wapate nguvu ya kumtafuta mtu, akishapatikana wanaifuta wanamrudisha jimboni. Kwa ndugu yenu haimhusu. Nilipenda sana hapo, maana angeweza kututisha nayo ili turudi kulipa tena, hakufanya.

Mjomba hakuchoka, akasema basi arudi nyumbani Tanzania tumfiche Kondoa. Jibu lilikuwa fupi. Mkataba wa kurudishana wahalifu upo, Waingereza waliusaini na Marekani mwaka 1931 wakati wanatawala Tanganyika na bado unatumika kwetu, na sheria yetu wenyewe ipo, Sura ya 368. Kwa kosa la miezi minne haoni Marekani wakijisumbua, lakini siku akitaka kurudi kwa watoto wake kule atakutana na hati uwanja wa ndege. Watoto wako Columbus, Ohio hiyo hiyo. Mjomba akanyamaza.

Ushauri wake ukawa huu: ampate wakili wa utetezi wa umma wa kaunti ile ile iliyomhukumu, anayelipwa na serikali kwa wasio na uwezo, yule aombe mahakama iiondoe hati kwa sharti kwamba jamaa anafika mwenyewe tarehe fulani, maana aliyekuja kwa miguu yake na aliyeletwa na pingu hakimu hawaangalii sawa. Ofisi ilitutafutia namba ya ile ofisi ya kaunti, sekretari akakaa mpaka jioni kwa sababu ya tofauti ya saa ili tuwapigie kwenye spika, na kwa hiyo simu hawakutudai kitu. Jamaa alirudi Ohio. Hakimu aliiacha miezi minne vile vile, hakuongeza, ila ile nafasi ya kutoka mchana kwenda kazini na kurudi kulala jela ambayo alikuwa aipate mwanzo alimnyima, akasema umeshaonyesha ukiachiwa unaenda wapi. Sasa hivi yuko ndani anatumikia.

Mabaya ya ofisi niyaseme. Ngazi ni kali na hakuna lifti, mama mkubwa tulimpandisha kwa kumshika mkono huku na huku, wanaokwenda na wazee waombe kikao cha chini, kuna kachumba nyuma ya duka la simu wanakatumia ukiomba. Risiti ya EFD ilibidi niidai, haikuja yenyewe. Miadi ya asubuhi ndiyo mizuri, mchana wakili anakuwa mahakamani na mtasubiri. Mkienda na kesi ya nje bebeni nakala ya hukumu yenye namba ya kesi na jina la kaunti, sisi tulikuwa na picha ya simu isiyosomeka vizuri na muda mwingi tuliolipia uliishia kwenye kukisoma kile kikaratasi.

Kuhusu zile laki tatu, wakili amemwandikia kishoka barua ya madai na hiyo ametoza elfu hamsini. Kishoka amerudisha laki moja mpaka sasa. Zilizobaki tunazifuata, na mama mkubwa amesema mwenyewe yuko tayari kupanda mahakamani kutoa ushahidi.