TAHADHARI: "Fidia ya ng'ombe waliokufa na ukame" ni utapeli

Wafugaji wa Tana River, Garissa, Isiolo na kwingineko, tafadhali wasomeeni hii wazee wenu, hasa wenye simu za mulika mwizi ambao hawataiona humu.

Wiki jana mjomba wangu hapa Garsen alipata ujumbe kwamba serikali imeidhinisha fidia ya ng'ombe waliokufa na ukame, jina lake limo, apige namba fulani. Akapiga. Aliyepokea alijiita afisa wa ukame, Kiswahili safi, shikamoo juu ya shikamoo. Akauliza walikufa wangapi. Sasa mjomba ana daftari alimowaandika wote waliomfia 2022, kila mmoja kwa jina na rangi yake. Alikaa chini ya mti akamsomea yule mtu daftari zima, ng'ombe 31, na kila jina likijibiwa "pole mzee". Hilo linaniuma kuliko pesa.

Akaahidiwa KSh 15,000 kwa kila kichwa, yaani 465,000, ila atangulize 1,200 za kufungua faili. Akatuma. Kesho yake faili "imekwama Nairobi", 3,500. Akauza beberu. Siku ya tatu wakataka namba ya kitambulisho na PIN ya M-Pesa. Akawapa. Usiku laini ikazimika, na tulipoirudisha tukakuta mkopo umechukuliwa kwa jina lake.

Jueni hili: bima ya mifugo ya serikali haihesabu mizoga. Ile iliyoanza 2015 Turkana na Wajir, ikaja kufika mpaka huku kwetu, ilikuwa ikitazama malisho kwa setilaiti. Nyasi zilipopungua chini ya kiwango kilichowekewa eneo, waliosajiliwa eneo hilo walilipwa, hata kama ng'ombe wao wote walikuwa hai. Na usajili ulikuwa kabla ya msimu, si miaka baada ya mifupa kukauka. Kwa hiyo anayekupigia kuuliza walikufa wangapi, umeshamjua.

Pesa za HSNP, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini dhidi ya njaa, nazo ziko chini ya NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame, na hupitia akaunti ya benki ya kaya iliyosajiliwa. Ukiwa na shaka nenda kwa chifu au ofisi ya NDMA ya kaunti, kwa miguu yako, si kwa namba uliyotumiwa. Wala hakuna afisa anayehitaji PIN yako. Hakuna.

Kama umetuma sasa hivi, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 upesi kabla hawajatoa, kisha namba ya tapeli itume 333. Kama umetoa PIN, ibadilishe kwa *334# kabla hujampigia mtu yeyote. Simu ikipoteza mtandao ghafla, kimbia duka la Safaricom wakafunge laini. Halafu kituo cha polisi, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio.

Namba zao siziweki hapa kwa sababu wanazibadilisha kila siku, msije mkaona namba ngeni mkadhani ni salama. Jana walimpigia tena mjomba kwa laini nyingine. Ili aamini kwamba ni ofisi ile ile, walimtajia ng'ombe wake mmoja kwa jina.