Safari Rally: dereva ama navigeta, nani ana roho ngumu?

Watu wakisimama Naivasha kuangalia Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, wanamshangilia dereva tu, na sawa, jamaa anapiga kona kwenye vumbi la Kedong ambapo haoni hata boneti yake, mguu bado uko kwa aksileta. Shekhar Mehta alishinda hii rally mara 5, hiyo si bahati.

Lakini hebu kaa kiti cha pili basi. Navigeta kichwa kiko chini kwa daftari, gari inaruka mawe, na yeye anasoma noti walizoandika wakipita stage, yaani kipande cha njia ya mashindano, polepole mara mbili tu, kona ya kushoto, kali, usikate, na lazima aseme kabla dereva hajafika, akichelewa nusu sekunde mko kwa mti. Tena hana usukani wala breki! Kalle Rovanperä alishinda 2022 akiwa na miaka 21, nani anakumbuka Jonne Halttunen aliyekuwa anamsomea?

Kwa ufundi wa mikono nampa dereva. Roho ngumu ni ya navigeta, mimi hata matatu nikisoma simu natapika.