TAHADHARI: Kuna mtu anauza pikipiki ya mkopo, Boxer, kwa kadi ya usajili ya kughushi, maeneo ya Tegeta

Ndugu zangu, nimekaa siku nne nashindwa kuandika kwa sababu ya aibu. Leo naandika kwa sababu jana jioni nimeoneshwa tangazo lake limerudi tena. Boxer nyingine, maneno yale yale: "ipo vizuri, haina mambo mengi, njoo na fundi wako." Kama una mtu wako anatafuta pikipiki iliyotumika maeneo ya Tegeta, Boko mpaka Bunju, mpe asome hii kabla hajatoa hata shilingi.

Hela ilitoka kikoba. Wenzangu mlikuwepo siku ile, sina haja ya kurudia. Na sababu ya kutafuta pikipiki ni hii: nauza mayai, na bajaji ya kuyabeba kutoka Kibaha ilikuwa inakula faida yote kabla sijafika Mbezi. Mdogo wangu alishanifundisha kuendesha, leseni ninayo, kilichobaki ilikuwa chombo.

Jumamosi ile nilifika kwake saa tisa na nusu hivi mchana. Pikipiki ipo nje chini ya mwarobaini, nyekundu, Boxer 150, imeoshwa mpaka tairi zinang'aa. Yeye yuko barazani anakula. Hakukurupuka kuja kunionesha mali. Alisema, "Karibu dada'angu, karibu tule kwanza." Mkewe akanitolea kiti cha plastiki na maji ya kunywa, mtoto mdogo anatambaa pale chini. Nikajiambia mwenyewe, tapeli hawezi kukuleta anapolala, akakuonesha mke na mtoto. Leo najua chumba kile alikuwa amepanga kwa muda mfupi tu. Nilivyorudi, jirani aliniambia wamehama usiku.

Akanawa mikono, akaja. Na kitu cha kwanza alichofanya, nataka mkisome vizuri, alinionesha ubovu. "Dada, mimi sipendi lawama. Taa ya breki haiwaki, na hiki kioo cha kushoto kina ufa. Utakuja kuviona mwenyewe, bora nikwambie mapema. Nakutolea elfu thelathini ukatengeneze." Mtu anakwambia ubaya wa mali yake kwa mdomo wake, hujamuuliza! Unamdhania nini? Mimi nilimuona mkweli, na kuanzia pale kila alichosema nilikipokea. Injini haijawahi kufunguliwa, nikapokea. Kilomita 21,000, nikapokea. Kadi ina jina la shemeji yake yuko Mwanza, atapiga picha za nyaraka atume wiki ijayo tubadilishe umiliki, nikapokea.

Adhana ya alasiri ikasikika. Akanipa ufunguo mkononi, akasema, "Ijaribu taratibu dada, mimi naswali narudi." Akaondoka. Akaniachia pikipiki na ufunguo, mimi mtu asiyenijua. Nyinyi mngefikiria nini? Niliona amenipa heshima ambayo wauzaji watatu niliowapitia kabla yake hawakunipa. Mmoja alikataa hata nisiipande, anasema nitaiangusha.

Nikapanda. Nilipiga stata mara moja tu ikawaka, mlio mzito umetulia. Lakini wakati napanda, mguu wangu kwa ndani ulikaribia injini nikasikia joto linapita kwenye suruali. Ilikuwa ya moto. Mtu nimemkuta anakula, pikipiki imeoshwa, imekaa kivulini, na injini ni ya moto! Niliona. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote, kwamba niliona. Aliporudi nikamuuliza, akajibu bila kusita kwamba mdogo wake alikuwa ametoka nayo kufuata maji. Nikanyamaza.

Nilikuwa nataka nimsubiri mdogo wangu arudi Dodoma Jumanne aje aikague. Nikamwambia hivyo. Hakubisha hata kidogo, akasema sawa. Dakika mbili simu yake ikaita, akaweka sauti juu, mwanaume upande wa pili anasema yuko njiani anakuja na 1,800,000 taslimu. Jamaa akamjibu, "Kuna dada hapa amefika kwanza, siwezi kumvunjia heshima." Akanitazama. Bei aliyonitajia ilikuwa 1,700,000. Akatoa ile 30,000 ya taa, akatoa na 20,000 nikaweke mafuta. 1,650,000.

Nikatuma kwa simu. Jina lililokuja kabla ya kuweka namba ya siri halikuwa lake, lilikuwa la mwanamke. Kidole kikasimama. Akasema hiyo ni laini ya mke wangu, yule pale unamuona, na mke akatabasamu. Nikabonyeza. Mkataba tukaandika kwenye karatasi ya kaunta buku, mashahidi wawili, wote aliwaita yeye. Kitambulisho cha NIDA akasema hajapata kadi, ana namba tu, akaniandikia. Namba yenyewe sasa hivi najua si yake.

Siku tano za kwanza nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya. Nilikuwa nafunga trei kumi nyuma, mayai 300, nashuka barabara ya Morogoro taratibu, nafika hakuna lililopasuka. Siku ya sita nikasema nifanye kama nilivyofundishwa, chombo kilichotumika ukikichukua mwaga oil, weka mpya, uanze kuhesabu mwenyewe. Nikaenda kwa fundi. Alipofungua nati ya chini oil haikumwagika kama oil. Ilishuka polepole, nzito kama asali. Fundi akaisugua kwenye vidole, akanitazama, akauliza, "Hii pikipiki umenunua wapi?" Akaweka oil ya kawaida, 20W-50. Kesho yake asubuhi nawasha, moshi wa bluu umejaa uwanja mzima, majirani wanatoka nje. Plagi ilipotolewa ilikuwa nyeusi imelowa.

Wasiojua mjue, maana hata mimi sikujua. Injini ikiwa imekwisha, ringi zimelika, inachoma oil na kugonga gonga. Mtu akiijaza oil nzito kupita kiasi, mlio unatulia na moshi unapungua kwa muda. Akiiwasha kabla hujafika ikapata moto, haikusumbui kuwaka mbele yako. Ile injini ya moto maana yake ilikuwa hiyo. Na zile kilomita 21,000 ni uongo, waya wa spidi mita ulikuwa umechomolewa kule chini kwenye tairi la mbele. Mshale haukuwa unapanda hata nikiwa barabara kuu, mimi nikadhani ni hitilafu ndogo.

Nikanunua pistoni, ringi na gasketi, 95,000, nikijua ndiyo mwisho wa msiba. Fundi akavua tenki. Chini yake, kimebanwa na solotepu nyeusi, kuna kidude kama kiberiti kina taa nyekundu inapepesa. Fundi akaweka spana chini. Akasema, "Dada, hii ni ya mkopo. Hicho ndicho wanachoifuatilia nacho."

Siku mbili baadaye walikuja watu wawili wa huo mkopo na karatasi zao. Jamaa alichukua pikipiki kwa mkopo, alikuwa analipa rejesho, na tangu wiki aliyochukua hela yangu hajalipa tena. Kadi halisi wanayo wao, jina ni la kwao. Nilikwenda nao mpaka TRA, mamlaka ya mapato, nikiwa bado na tumaini, namba ikaangaliwa, ni kweli. Kadi yangu ni karatasi ya kughushi. Pikipiki wakaondoka nayo, na pistoni yangu mpya ndani yake. Sina ugomvi na wale, mali ni yao. Nilikaa pale kwa fundi kwenye kopo la rangi nikalia mbele ya watu.

Sasa nasema hivi. Huyu mtu afungwe. Mtu asiniambie nimsamehe, na asiniambie nilitaka vya bei rahisi, kwa sababu haikuwa bei ya kutupa. Kituo cha polisi kwanza niliambiwa haya ni madai, nikafungue kesi ya madai. Madai gani? Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, Kanuni ya Adhabu Sura ya 16, mpaka miaka 7. Kughushi kadi ni kosa jingine peke yake. Nilirudi mara ya pili na shemeji, nikapewa RB, namba ya taarifa ya polisi. Jina lake na picha siweki hapa kwa sababu jalada limefunguliwa, ila yeyote aliyeambiwa "karibu tule kwanza" anajua namzungumzia nani. Afungwe, na yule mke afikishwe pia kwa sababu hela iliingia kwenye laini yake, na wale mashahidi wawili waulizwe walilipwa shilingi ngapi. Na aliyepiga simu ya 1,800,000. Wote. Sitaki apigwe na wenye hasira, akishapigwa hakuna atakayenilipa wala atakayesimama mahakamani. Nataka asimame kizimbani anitazame kama alivyonitazama siku ile na simu mkononi.

Mnaotaka kununua, niandike haraka maana kichwa bado kinauma. Iguse injini kabla haijawashwa, ikiwa ya moto ondoka, urudi siku nyingine alfajiri bila kumwambia. Vua kiti, angalia chini ya tenki. Namba ya chasisi imegongwa pale shingoni chini ya usukani, isome kwa kidole, lakini hata ikifanana na kadi msiridhike, yangu ilifanana. Nendeni TRA wewe na muuzaji, umiliki uangaliwe, hela itoke baada ya hapo. Akisema mwenye kadi yuko mkoa mwingine, subiri mwenye kadi. Mkataba uandikwe serikali ya mtaa, na shahidi mmoja awe wa kwako. Jina la kwenye simu lisipokuwa la anayekuuzia, usibonyeze. Na ukiwa na ndugu anayejua pikipiki, hata akiwa Dodoma, msubiri.

Watu wawili wameshanitumia ujumbe faragha, mmoja wa Bunju na mmoja wa Goba, wametapeliwa na mtu huyu huyu, mmoja tangu mwezi uliopita na hajasema hata nyumbani kwake kwa aibu. Naielewa hiyo aibu. Njooni na mikataba yenu na ujumbe wa miamala. Jumatatu saa tatu asubuhi niko nje ya kituo pale nilipowaelekeza, nitakuwa na shemeji na fundi aliyekitoa kile kidude. Tukiingia watatu na karatasi mkononi, hakuna atakayetuambia tena ni madai.