Programu ya kutafakari: kozi nzuri, maneno ya hisia sita tu jamani

Nimeitumia hii programu ya kutafakari kwenye simu wiki nane mfululizo, dakika kumi kila asubuhi, jina nalihifadhi maana nina ya kulalamika. Kozi yenyewe wamefuata ule mtindo wa wiki 8 alioanzisha Jon Kabat-Zinn kule Marekani mwaka 1979, unakaa, unafuata pumzi, akili ikizurura unairudisha taratibu bila kujigombeza. Hapo sina neno, mwalimu sauti yake imetulia na haongei sana.

Kilichoninasa ni ile sehemu ya kuitaja hisia. Ukimaliza inakuuliza unajisikiaje, uchague neno. Mwanzoni niliona utoto tu, yaani mtu mzima naambiwa nibonyeze kikatuni kilichonuna, ila siku moja nimetoka kugombana na ndugu yangu, kifua kimebana, taya zimekaza, nikaingia kutafuta neno. Yako sita: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao, utulivu. Nikabonyeza hasira, wapi, kifua kiko vilevile. Bahati kuna nafasi ya kuandika mwenyewe, nikaandika "kinyongo". Aisee mabega yakashuka yenyewe. Hasira ilikuwa ya siku ile, kinyongo nilikuwa nacho miaka.

Na sio uchawi. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake wa chuo cha UCLA kule Marekani waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku mashine inapiga picha ubongo wao. Walipochagua neno la hisia, amigdala (kile kisehemu kinachoshtuka mtu akihisi hatari) ilipoa kuliko walipochagua tu jina la mtu, la kike au la kiume, linaloendana na ile sura.

Sasa lugha ina dukuduku, fadhaa, jakamoyo, simanzi, kihoro, soni, kijicho, wewe unaniwekea maneno sita? Tena neno nililoandika halihifadhiwi, kesho unaanza upya. Niliwaandikia, wakajibu asante kwa maoni yako, basi. Halafu ile kengele ya kumalizia ni kali kama ya shule, umetulia zako mara ngaaa! unaruka.

Nyota tatu. Kozi naendelea nayo ila hisia nimehamishia daftarini, jana niliandika "donge", nikakumbuka ni kwa ajili ya zamu ya kuosha vyombo, nikacheka peke yangu.