Kiti cha kupachika kwenye ndoo kama choo cha dharura: uzoefu wangu

Kifaa chenyewe ni duara la plastiki lenye mfuniko, unalipachika kwenye mdomo wa ndoo ya lita 20, ile ya rangi ya ukutani. Nakipa nyota tatu kati ya tano. Kukalika kinakalika, ila harufu hakizuii. Harufu inazuiwa na unachomwaga ndani na usichomwaga, na hapo ndipo wengi wanakilaumu bure.

Kwa pwani yetu kina kazi. Mvua za Desemba hadi Aprili zikikolea, choo cha shimo kwenye maeneo ya chini kama Mikindani, Mtwara, kinaweza kujaa maji yanayopanda kutoka ardhini, na kila kilichomo kikaja juu. Tulipotangaziwa vimbunga Kenneth, Aprili 2019, na Hidaya, Mei 2024, watu waliweka akiba ya unga, maji na mafuta ya taa. Choo hakikuwa kwenye orodha.

Ukienda dukani nenda na ndoo yako. Midomo ya ndoo haifanani: kiti kinachobana vizuri ndoo ya rangi kinacheza kwenye ndoo ya mafuta ya kula. Kagua meno ya chini, hasa ya nyuma, maana mtu mzito akiegemea ndiyo yanayovunjika kwanza. Mfuniko wa kiti nao hauna mpira wa kuzibia, kwa hiyo inzi wanaingia. Kata ukanda wa tyubu ya pikipiki, uzungushie chini ya mfuniko, ugundishe kwa gundi ya viatu. Mfuniko wa asili wa ndoo usiutupe, utauhitaji wakati wa kubeba. Na kwa kuwa ndoo ni nyembamba chini kuliko juu, isimamishe ndani ya tairi bovu la gari. Bila hivyo, mzee akiinuka kwa kuishika itapinduka.

Sasa harufu. Mkojo ukichanganyika na kinyesi, bakteria wanaigeuza urea kuwa amonia, ile inayochoma pua. Rojo likikosa hewa linatoa harufu ya yai viza. Basi haja ndogo iende kwenye dumu lake, lenye funeli iliyofunikwa kwa kifuu cha nazi. Hesabu yenyewe inakubali: watu wazima watano wanatoa kama lita sita za mkojo kwa siku. Ukichanganya, ndoo haifiki siku mbili. Ukitenga, inakaa siku tatu hadi nne kabla ya kufika theluthi mbili, na hapo ndipo pa kuibadilisha. Usingoje ijae, kilo 20 za mzigo huo hazibebwi bila kumwagika.

Maelekezo ya kigeni yanasahau kwamba sisi tunachamba kwa maji. Maji hayo yakiingia kwenye ndoo, umepata uji. Jifute kwanza kwa karatasi, idondoke ndoani, kisha uchambie kwenye beseni la pembeni. Maji ya beseni yana kinyesi, kwa hiyo yahifadhiwe kwenye dumu lenye kizibo na yafukiwe pamoja na vya ndoo, siyo kumwagwa uani. Kibuyu chirizi na sabuni viwe hapo hapo mlangoni.

Cha kufunikia: majivu ya kuni yaliyochekechwa, nusu kwa nusu na vumbi la mbao la msumeno. Maranda ya randa ni mapana, yanaacha mianya. Vumbi la makumbi ya nazi linafyonza vizuri zaidi kuliko yote, ukilipata likiwa kavu. Tandika vidole vitatu chini, halafu kila baada ya haja mwaga kikombe cha chai kimoja hadi viwili, mpaka usione kilicholowa. Majivu yapoe kabisa kabla ya kutumika, kaa moja lililofichika linatoboa ndoo au kuwasha vumbi. Maganda ya korosho, ambayo huku tunayo tele, yaache kabisa: mafuta yake yanababua ngozi, na hata yakiungua nusu bado yanayo.

Klorini ni ya kusafishia kiti na sakafu tu. Dawa ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, inakupa asilimia 0.5, acha ikae dakika kumi, kisha suuza. Usiitie kwenye dumu la mkojo wala usiichanganye na siki. Gesi inayotoka inaumiza mapafu, na chumba cha dharura mara nyingi kimefungwa madirisha.

Kutupa ndiko kugumu. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, kitako chake kiwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, na juu pawe na udongo wa nusu mita. Maji yakiwa bado yametanda, usichimbe. Mwaga kikombe cha chokaa juu ya vilivyomo ndoani, funga ndoo kwa mfuniko wake wa asili, iweke kivulini na uchukue ndoo nyingine. Ndiyo maana nasema nunua kiti kimoja na ndoo tatu. Mfuko mzito wa taka ndani ya ndoo unarahisisha kuosha, lakini haufai kuzikwa, hauozi.

Kwa mgonjwa wa kuhara maji mfululizo kifaa hiki hakitoshi. Majivu hayashindani na lita kadhaa kwa siku. Mpe ndoo yake peke yake, mpe maji ya chumvichumvi, na mfikisheni kituo cha afya haraka, kwani hicho kinaweza kuwa kipindupindu.

Mwenye magoti mabovu asikinunue. Ndoo ni fupi, haifiki sentimita 40, kuinuka ni kazi. Fundi seremala anaweza kumtengenezea kiti cha mbao chenye tundu na mikono pembeni, ndoo ikasukumwa chini yake.